Studio katika nyumba ya kale: ipi upange, ipi uiache

Nyumba ya kale iliyokarabatiwa hupendeza mno machoni: dari refu, mlango wa mbao nzito, jiko jipya linalong'aa kwenye kona. Lakini jiko hilo ni kazi ya wiki moja. Ukuta una miaka mia na zaidi, nao ndio utakaolala ukiuegemea. Kwa hiyo hapa studio, yaani makazi ya chumba kimoja chenye jiko lake humohumo, siziwekei daraja kwa uzuri wa jiko. Naziwekea daraja kwa mahali zilipo ndani ya jengo, maana hilo hakuna fundi awezaye kulibadilisha.

Kabla ya nafasi zenyewe, tuanze na ukuta. Kuta nyingi za zamani za mawe au matofali zilijengwa kwa chokaa, na chokaa huacha unyevu uingie na utoke. Mkarabati mwenye haraka akipiga plasta ya saruji na kupaka juu yake rangi ya plastiki, maji hukosa pa kutokea. Hubaki ndani pamoja na chumvi yake, na baada ya miezi michache rangi hufura malengelenge, plasta hubanduka na nguo kabatini zinanuka uvundo. Niliwahi kupanga chumba cha chini kilichokuwa kimepakwa rangi siku chache tu kabla sijakiona. Mvua zilipoanza, alama ya maji ilipanda hadi usawa wa kiuno. Tangu hapo sikubali chumba kabla sijagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia sakafuni hadi kifuani. Penye mlio wa uwazi, plasta imeshaachana na ukuta. Unga mweupe ukikukalia kiganjani huwa ni chumvi, au rangi ya chokaa tu. Ukijikusanya sehemu ya chini peke yake, jihadhari.

Nafasi ya kwanza naipa studio ya ghorofa ya kati inayotazama ua wa ndani, hasa ikiwa na madirisha pande mbili. Iko mbali na unyevu wa ardhini na mbali na paa, na vyumba vya juu na chini yake huikinga na joto kali na baridi kali. Usiku kunatulia. Kasoro yake ni mwanga: ua mwembamba uliozungukwa na kuta ndefu huwa kama kisima. Nenda saa sita mchana, zima taa zote, ujaribu kusoma mbali na dirisha. Angalia pia kama bomba la moshi wa jiko la mgahawa halitokezi kwenye ua huohuo.

Ya pili ni ya ghorofa hiyohiyo inayotazama mtaa. Mwanga ni mzuri zaidi, na roshani ikiwepo ni raha tupu. Ila mitaa ya kale huvuta wageni na muziki, na mara nyingi sheria za uhifadhi haziruhusu madirisha ya mbele kubadilishwa. Muulize mwenye nyumba kama ameongeza kioo cha pili kwa upande wa ndani. Kama hakuna, rudi Jumamosi usiku ukasikilize mwenyewe kabla ya kulipa amana.

Ya tatu, chini ya paa. Watu huipenda kwa mandhari, nami nawaelewa. Jua la mchana kutwa hulala juu ya paa na joto hushuka chumbani jioni, isipokuwa kama paa limewekewa tabaka la kuzuia joto. Tafuta madoa ya kahawia kwenye dari. Kila mita kumi za kwenda juu hupunguza presha ya maji kwa takriban baa moja (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo fungua bomba la kuogea na la jikoni kwa wakati mmoja. Ngazi ikiwa moja tu na ni ya mbao, ulizia njia ya kutokea moto ukizuka na uone vitambua moshi kwa macho yako.

Ya nne ni ya chini, usawa wa mtaa: unyevu, vumbi, na wapita njia wanaochungulia dirishani. Inamfaa asiyeweza kupanda ngazi, mradi ukuta umefaulu ule mtihani wa kugonga.

Ya mwisho kabisa ni studio iliyokatwa kutoka ukumbi mkubwa. Utaijua kwa dirisha lililogawanywa na ukuta mwembamba, au mapambo ya dari yanayokatika ghafla. Jirani akikohoa utasikia. Hii siichukui hata kodi ikishuka.

Baada ya mahali, uliza ukarabati uliishia wapi. Nyaya za umeme zilibadilishwa zote, au soketi mpya zimefungwa kwenye nyaya za zamani? Bodi ya umeme iliyopangwa vizuri, yenye breka zilizoandikwa majina, ni dalili njema. Bafu lisilo na dirisha lazima liwe na feni inayotoa hewa nje ya jengo. Rangi ya zamani inayobanduka ni hatari kwa watoto wadogo kwa sababu huenda ina risasi, ile metali yenye sumu. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nyumba nyingi za kale zilipakwa kabla ya hapo. Omba kujua pia kama kuna asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwenye paa au mabomba.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila ukuta kuanzia sakafuni, na mkataba utaje kwa maandishi nani anagharamia unyevu ukitokea. Dalali akikuambia hilo halina haja, mwombe basi akuoneshe chumba tena siku iliyofuata mvua.