Kar98k ya jeli: ukutani sawa, kwenye kulenga wallahi tabu

Nianze na bei ya hii bunduki ya kuchezea inayopiga vidonge vya jeli mana najua ndo swali la kwanza, laki na themanini duka la vitu vya watoto Darajani hapa Unguja, na ukivuka Dar unaipata chini ya hapo ila weka nauli ya boti, weka na yale maelezo utakayoyatoa bandarini begi likipita kwenye skana likaonekana bunduki nzima nzima ndani, hesabu inarudi pale pale. Nunua hapa hapa yakhe.

Kwa ambaye si mtu wa mambo haya, hii ni replika ya Karabiner 98k, bunduki aliyokuwa akibeba askari wa kawaida wa Ujerumani vita vya pili vya dunia. Iliingia jeshini 1935, na vita vinamalizika 1945 zilikuwa zishatoka viwandani zaidi ya milioni 14, ndo mana kila mkusanyaji anaitaka japo moja. Ya kweli inakula risasi tano za 7.92 mm, zinashindiliwa kutokea juu kwa klipu. Hii yetu haina betri wala gesi, ni springi tupu, unanyanyua bolti, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unailaza, unafyatua, kinatoka kidonge cha jeli kimoja. Unataka chengine, anza upya.

Sura sasa, mana sie wakusanyaji tunanunua kwa macho. Nimeipima kwa utepe wa fundi cherehani, imepungua sentimita mbili tu kwa ile ya kweli yenye 111, hapo nimeridhika. Mkono wa bolti umepinda kwenda chini kama inavyotakiwa, na hichi si kitu kidogo, mana Mauser ya vita vya kwanza, Gewehr 98, mkono wake umenyooka ubavuni na nshaona replika nyingi wanachanganya. Tundu la mkanda kwenye kitako lipo, limetobolewa kweli si kuchorwa. Kile kiduara cha chuma cha kwenye kitako, ambacho askari alikuwa akikitumia kufungulia pini ya ndani ya bolti, hapa ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha na haina tundu hata la kuingia sindano. Kifunga usalama cha nyuma ya bolti cha kweli kina vituo vitatu, hichi kina viwili na kimoja kati ya hivyo hakifungi chochote. Lakini saiti ya nyuma, ile reli ya kupandisha na kushusha, inatembea, na namba zake zimeandikwa mpaka 20, yaani mita 2000. Mita 2000 kwa kidonge cha jeli. Haya.

Mihuri ya kiwandani na ile ya tai hakuna, juu pako safi. Wapo watakaolalamika, mie nashukuru, alama za Wanazi sitaki kuzitundika sebuleni kwangu wageni wakaja wakaniuliza.

Mbao ni plastiki yenye mistari ya kuchapishwa. Kwa mbali inadanganya, kwa karibu unaona mshono umepita chini kote kutoka kitakoni mpaka mdomoni, unakwaruza kiganja. Nimepiga msasa ule laini halafu nikapaka vanishi nyembamba iliyobaki kwenye kabati, mshono umepotea na ule mng'aro wa kitoto umepungua. Kama una fundi seremala rafiki yako mpelekee, kazi ya nusu saa. Uzito ndo usiseme, ya kweli inakaribia kilo nne, hii haifiki mbili, ukiishika unajua tu.

Halafu jambo la muuzaji. Atakwambia "hii ndo aliyopigania Mjerumani Tanganyika", na kijana wa watu anasema kwa imani kabisa. Si kweli. Vita vya Tanganyika ni vya 1914 mpaka 1918, Kar98k haijazaliwa. Askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, wengi wao mwanzoni walikuwa na Mauser kongwe za 1871, za baruti nyeusi, kila ukipiga moshi unapanda juu na adui anajua ulipo, mpaka walipowapiga Waingereza Tanga Novemba 1914 wakazoa bunduki mpya za hao Waingereza. Kwa hiyo kama unanunua kwa ajili ya khabari za kwetu, za meli ya vita ya Wajerumani Königsberg iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza hapa hapa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, wale mabaharia wa Pegasus waliozikwa kisiwani Chapwani, basi hii si yake. Na ukitaka ya babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) walioenda Burma vita vya pili, tafuta Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza, ndo waliyobeba. Mie nimeinunua hii kwa ajili ya rafu ya vita vya pili, iko karibu na vijeshi vyangu vya plastiki, inakaa mahala pake.

Jeli. Hapa ndo penye kazi, na hapa ndo watu wa visiwani tutapata tabu kuliko alioandika maelezo ya kwenye boksi. Vidonge vinakuja vikavu, vidogo kama punje za mtama, unaviloweka kama masaa manne mpaka vifike milimita 7 au 8. Sasa nimelinganisha maji ya kisima cha nyumbani na maji ya mvua niliyokinga kwenye ndoo. Vya kisima vimevimba nusu vikagoma, vya mvua vimejaa vikawa vya duara, vigumu, vinateleza mkononi. Sababu yake ni kwamba hii jeli ni polima ya jamii moja na ile ya kwenye pampasi za watoto, kazi yake kunyonya maji, na maji yakiwa na chumvi au chokaa hainyonyi sawasawa, na visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, chokaa tupu, na vya karibu na pwani chumvi juu yake. Kidonge kikiwa kidogo kinacheza ndani ya mtutu, kinatoka kimelegea kinaanguka mbele ya miguu yako. Kama huna maji ya mvua tumia ya chupa. Na vikishavimba visikae juani, joto letu hili vinanywea, mie natia kwenye chupa ya jemu na maji kidogo naweka friji, mama watoto hapendi lakini ashazoea.

Na jamani vile vikavu msiviache ovyo, hapo sitanii. Mtoto mdogo akimeza kinakwenda kuvimba tumboni kikaziba utumbo, na kwenye eksirei mara nyingi hakionekani, daktari anaweza akazunguka weeee asijue kuna nini. Mie vyangu viko juu ya kabati ndani ya kopo la kufunga kwa kuzungusha. Na anayepiga avae miwani, jicho halina spea.

Kwenye kulenga ndo imeniangusha. Hatua kama kumi za uani unapiga kopo la maziwa bila shida, ukirudi nyuma kumi na tano kidonge kinaanza kwenda kinapotaka chenyewe, kulia, kushoto, ukutani kwa jirani. Upepo wa kusi ukivuma usijisumbue. Haiumizi, nimejipiga mguuni kwa makusudi, kama kubanwa kidogo basi, lakini hiyo ni mguu, uso ni khabari nyengine.

Kitu kinachonifanya niishike kila jioni ni maganda. Kila kidonge unakitia ndani ya ganda la plastiki la rangi ya shaba, maganda matano unayashindilia kutokea juu kwa kidole gumba, moja moja, kla kla kla, na ukivuta bolti ganda tupu linaruka kulia kwa sauti yake. Hapo laki na themanini unaisahau. Ila linaruka mbali, na sakafu za nyumba zetu hizi za mji mkongwe zina mashimo yake, ganda likiingia huko ndo mshaagana. Bolti yenyewe siku za mwanzo ilikuwa inakwama katikati, nimetia tone la grisi ya silikoni sasa inakwenda. Msitie mafuta ya kula, yanaganda na vumbi.

La kutoka nayo nje: msitoke nayo. Ncha ya rangi ya chungwa ipo, lakini mtu alo kwenye daladala haangalii ncha, anaangalia bunduki, na polisi vilevile. Nnajua wapo wanaoichomoa ile ncha wakaipaka nyeusi ili picha itoke vizuri, haya piga picha ndani, mlango umefunga. Wenzetu Australia walikuwa wakicheza nazo viwanjani kabisa, mwaka 2020 jimbo la South Australia wakaziweka kundi moja na silaha za moto, kibali na usajili, kwa ajili ya mambo haya haya ya kutishana barabarani. Yangu ilitoka dukani ndani ya boksi, boksi ndani ya mfuko wa sandarusi mweusi, moja kwa moja nyumbani. Wala usimnunulie mtoto wa Sikukuu ukadhani ni sawa na zile bastola za maji za Mnazi Mmoja, hii ni ya mtu mzima mwenye ukuta wake.

Kwa hiyo kwa anayetaka kitu cha kutundika, cha kuvuta bolti akiwa anasubiri chai, ntampa saba kwa kumi. Anayetaka kupiga shabaha anunue zile za betri, mbaya wa sura lakini kidonge kinafika. Duka wana jeli ya akiba, pakti moja shilingi elfu tatu, maganda ya akiba hawana na wanasema mzigo mwengine haujulikani lini, basi ukienda fungua boksi uhesabu kabla hujalipa, yanatakiwa yawe kumi na kwenye langu yalikuwa nane na moja lina ufa.