V/H/S/2: Niliitazama Peke Yangu, Kisha Nikaitazama na Familia

Filamu ya kutisha iitwayo V/H/S/2 nimeitazama mara mbili, na baina ya mara hizo imepita karibu miaka kumi. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2014, nikiwa mwanafunzi, peke yangu chumbani, taa nimezizima na hedifoni nimezivaa. Mara ya pili ilikuwa nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, nikiwa na mdogo wangu wa kiume, mkewe, na Mama, ambaye alikuja kuketi nasi filamu ikiwa imekwisha kufika katikati. Filamu ni ile ile ya dakika 96, lakini niliyoyaona usiku ule kwenye nyuso za watu wangu yalinigeuza mawazo kabisa kuhusu kisa kimoja kati ya vile vilivyomo, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kwa asiyeifahamu, hii ni filamu ya Marekani, sehemu ya pili ya mfululizo ulioanza mwaka 2012, nayo imekusanya visa vinne vilivyotengenezwa na waongozaji tofauti. Kisa cha tano ndicho kamba inayovifunga vile vinne: wapelelezi wawili wa kukodiwa, mwanamume na mwanamke, wanamtafuta kijana wa chuo aliyepotea, wanaingia katika nyumba aliyokuwa akiishi, na humo wanakuta televisheni zinazowaka na rundo la kanda za video, ambazo mwanamke yule anaanza kuzitazama moja baada ya nyingine. Yote tunayoonyeshwa yanadaiwa kurekodiwa na wahusika wenyewe kabla ya kufikwa na yaliyowafika. Ndio ule mtindo wa kanda iliyookotwa, ambao ulipata umaarufu duniani kote mwaka 1999 kupitia The Blair Witch Project. Na Eduardo Sánchez, mmoja wa waongozaji wawili wa filamu hiyo ya 1999, yumo humu pia, akishirikiana na Gregg Hale aliyekuwa mtayarishaji wake.

Sehemu ya kwanza ilitanguliwa na sifa ya ajabu. Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mnamo Januari 2012, habari zilienea kwamba kulikuwa na mtazamaji aliyezimia, na habari hizo zikaitangaza kuliko tangazo lolote la kulipiwa. Sehemu ya pili ilionyeshwa kwenye tamasha lilo hilo Januari 2013, nami niliipata mwaka uliofuata kwa diski ya kunakiliwa niliyoinunua katika duka moja la filamu karibu na chuo. Diski yenyewe ilikuwa mbovu. Katikati ya kisa cha pili picha ilikwama na kukatikakatika vipande vya mraba, sauti ikaendelea peke yake, nami nikakaa zaidi ya dakika moja nikiamini kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, kwa kuwa filamu yenyewe imejaa mikwaruzo na mistari ya makusudi. Ndiyo maana ninamsihi kila anayetaka kuitazama atafute nakala safi, maana katika filamu ya namna hii mtazamaji hana njia ya kutenganisha kasoro iliyotiwa na fundi na kasoro iliyoletwa na muuzaji. Safari ya pili niliikodi mtandaoni, na ilikuwa kama filamu nyingine.

Kabla sijafika kwenye visa, niseme jambo moja ambalo watengenezaji wamelifanya vizuri kuliko wale wa sehemu ya kwanza. Lalamiko kubwa la watu kuhusu filamu za kanda iliyookotwa ni lile ambalo mdogo wangu alilitoa hata kabla hatujaketi vizuri: mtu anakimbizwa na jini, roho iko mkononi, mbona bado ameshika kamera? Si aitupe akimbie! Swali hilo ni la haki, na likishaingia kichwani hofu huisha. Hapa wamelijibu kwa kuifunga kamera mwilini. Katika kisa cha kwanza iko ndani ya jicho la bandia la mwanamume aliyepata ajali ya gari. Katika cha pili iko juu ya kofia ya mwendesha baiskeli. Katika cha tatu waandaaji wa filamu wamezificha kwenye nguo zao. Katika cha nne imefungwa kwa mbwa. Hakuna wa kuitupa. Baada ya robo saa mdogo wangu aliacha kuuliza, na nilipomtazama nilimwona ameukumbatia mto wa kochi.

Kisa cha jicho, kilichoongozwa na Adam Wingard ambaye pia ndiye mwigizaji wake mkuu, ndicho kilichomshtua wifi yangu zaidi. Jicho lile linamwezesha yule bwana kuwaona wafu waliomo nyumbani mwake, na kuna mahali anaona umbo la mtu limelala chini ya shuka kitandani, akaivuta shuka, asikute mtu. Wifi aliruka pamoja na kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nikijua kinachokuja, lakini nilishtuka kwa sababu yeye ameshtuka, na hilo nililikosa kabisa nilipokuwa na hedifoni zangu mwaka 2014. Hata hivyo hadithi yenyewe ni nyepesi, na ina picha za utupu ambazo zitawaaibisha watu wa heshima mbele ya wakwe na wazazi. Namshukuru Mungu kwamba Mama alikuwa bado jikoni.

Kisa cha baiskeli ndicho cha huruma. Mwanamume anaendesha baiskeli porini asubuhi, anakutana na mwanamke anayevuja damu akiomba msaada, na msaada wake unamponza: anang'atwa, anakufa, kisha anainuka akiwa miongoni mwa wafu wanaokula watu, na kamera iko bado juu ya kofia yake. Tunamfuata mpaka kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, tukiyaona kwa macho ya yule anayeua. Sikumbuki kuona hadithi nyingine ya wafu walao watu iliyoniweka upande huo. Mwishoni, simu iliyo mfukoni mwake inampigia mpenzi wake kwa bahati mbaya, sauti ya yule binti inasikika, na kiumbe yule anasimama kana kwamba amekumbuka jambo. Sebule yetu ilinyamaza kimya. Mdogo wangu, ambaye dakika chache nyuma alikuwa akicheka, alisema polepole, "Maskini, kumbe bado yumo."

Kilichomtoa Mama jikoni ni mlio. Baina ya kisa na kisa tunarudishwa kwa wale wapelelezi na kanda zao, na ule mkwaruzo wa kanda ikianza kucheza kwenye deki ulimfikia akiwa anaosha vyombo. Mama ana kanda tatu za harusi ambazo amezihifadhi ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda chake, mojawapo ikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa wino wa buluu uliokwisha kufifia, na nyumba nzima haina deki ya kuzichezea. Alikuja anajifuta mikono kwa kanga, akauliza, "Mmeipata wapi deki?" Nikamweleza kwamba ni filamu tu, yeye akaketi. Ndipo kilipoanza kisa cha tatu.

Kisa hicho kinaitwa Safe Haven, nacho kimeongozwa na Timo Tjahjanto wa Indonesia pamoja na Gareth Evans, Mwelisi ambaye alikuwa amejipatia jina kwa filamu ya The Raid ya mwaka 2011, iliyotengenezwa huko huko Indonesia. Waandaaji wanne wa filamu wanafanya mazungumzo na kiongozi wa kundi la kidini linaloishi ndani ya boma lake, naye anakubali wamtembelee. Kwa kuwa wanazungumza Kiindonesia na tafsiri inaandikwa chini kwa Kiingereza, nilikuwa nikimsomea Mama kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Kiongozi yule hapazi sauti. Anaulizwa maswali magumu naye anajibu kwa upole, kama mzee anayemweleza mjukuu jambo ambalo mtoto hajafikia umri wa kulielewa. Wafuasi wamevaa nguo safi, watoto wako darasani, kila mtu anaonekana kujua mahali pake. Kisha sauti yake inatoka kwenye vipaza sauti kutangaza kwamba saa imefika, na watu wanaanza kujiua bila vurugu, mmoja baada ya mwingine, kwa sumu na kwa bunduki.

Mwaka 2014 sehemu hiyo niliipita haraka. Niliichukulia kama ngazi ya kupandia kuelekea kwenye jini linalojitokeza mwishoni, na jini ndilo nililowasimulia wenzangu chuoni siku iliyofuata. Lakini kwao Mama ni Malindi. Mnamo Aprili 2023 polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako waumini walikuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, sisi tulikuwa tukikaa katika sebule hiyo hiyo kila jioni tukisikiliza idadi ikipanda, mpaka miili iliyofukuliwa ikapita 400, wakiwamo watoto wengi. Mama alikuwa na ndugu Malindi waliokuwa wakimpigia simu kueleza magari yanavyopita kupeleka maiti hospitalini. Kwa hiyo sauti ile ya upole ilipotoka kwenye vipaza sauti vya filamu, hakuna aliyepiga kelele wala kujificha nyuma ya mto. Mdogo wangu alinitazama mimi, nami nikamtazama Mama. Mama alikuwa ameshika pindo la kanga mdomoni. Nilimuuliza kama niizime, akatikisa kichwa.

Jini lilipotokea hatimaye, lenye pembe na umbo la mbuzi, damu ikitapakaa na watu wakikimbia huku na huko, nilihisi chumba kizima kikishusha pumzi. Wifi alicheka hata, na lilipotamka neno lake moja la mwisho, "Papa", mdogo wangu alipiga makofi. Jini la filamu tunalijua. Limetengenezwa kwa mpira na rangi, na mtu anaweza kulicheka. Lililotubana lilikuwa limekwisha kupita dakika kumi nyuma, katika ule utulivu. Nimesoma na kusikia watazamaji wengi wakikisifu kisa hiki kuwa bora kuliko vyote, nami nakubaliana nao, ila wengi husifu fujo ya mwisho. Mimi sasa nasema ubora wake uko mezani, pale mtu mmoja anapojibu maswali kwa sauti ya chini, na fujo ile ndiyo inayotuokoa.

Kisa cha nne, cha Jason Eisener, kinahusu vijana walioachwa peke yao katika nyumba ya kando ya ziwa na kuvamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Kinategemea mlio mkubwa kama wa honi na taa zinazomweka kwa kasi, na kwa kuwa kamera iko kwa mbwa picha inatikisika mno. Wifi alipata kizunguzungu akalazimika kufumba macho. Mtu mwenye kifafa au anayeumwa kichwa kwa taa za kumweka asikitazame kabisa. Kile kisa cha wapelelezi kinachofunga filamu ni dhaifu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekizungumzia baadaye.

Yupo mhakiki mmoja mkongwe wa New York aliyeandika juu ya filamu hii ilipotoka, huku akikiri kwamba aliondoka ukumbini mapema, na watu walimkasirikia sana. Mwaka 2014 nilikasirika nami. Bado naona alikosea kuandika, kwa kuwa aliyetoka hakuwahi kukiona kisa cha tatu, lakini sikuona tena ajabu mtu kutaka kutoka. Ubaya wa filamu za mkusanyiko ni kwamba mlango wake ni kile kisa ulichoanza nacho, na mlango huu si mzuri. Mtu mwenye subira ya nusu saa atalipwa vya kutosha.

Asubuhi yake, kodi ya filamu ikiwa haijaisha muda, Mama aliniomba nimwekee tena yale mazungumzo ya mezani. Nilishangaa, lakini nikaweka, madirisha yakiwa wazi na jua limejaa sebuleni, nikamsomea tafsiri polepole kuliko usiku. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mawaidha redioni. Tulipokaribia vipaza sauti aliinua mkono nisimamishe. "Basi, mwanangu," akasema. "Nilitaka kumsikia anavyoanza." Kisha akachukua simu, akatoka barazani, akampigia dada yake wa Malindi.