Uzoefu wangu: huduma mbili za kusafisha bustani iliyogeuka msitu chini ya miembe

Nyumba ya Mama iko Muheza, na ilikaa miaka minne imefungwa. Alipoanza kusumbuliwa na magoti nilimhamishia kwangu Tanga mjini, naye akanikabidhi funguo na ombi moja tu, bustani yake isife. Kazi ikanibana, nikawa napita getini nikiangalia paa na kuondoka. Februari mwaka jana nilipoingia hadi nyuma, sikuuona ukuta. Miembe miwili ya dodo na mfenesi vilikuwa vimefunga mwanga kabisa. Chini kumejaa kongwe, lile gugu la vishina laini na ua la buluu. Upande wa jua ndago zilikuwa zimeteka kila tuta, na upupu umepanda juu ya banda la kuni. Niliona aibu mbele ya majirani waliomjua Mama kwa maua yake.

Nimetumia huduma mbili tofauti, na ninaandika ili mwenye kiwanja cha aina hii asilipe mara mbili kama mimi.

Ya kwanza ni kundi la vijana wenye mashine za kufyekea na msumeno wa mnyororo. Tulikubaliana shilingi 220,000 kwa kufyeka, kupogoa na kuondoa taka. Walifika saa moja asubuhi kama walivyoahidi, wakafanya kazi kwa bidii, na jioni eneo lote lilikuwa jeupe. Nilimtumia Mama picha, akalia kwa furaha. Kwa kasi na kwa kushika muda, nawapa haki yao.

Lakini tawi nene la mwembe walilikata kwa juu moja kwa moja. Lilipoanza kulemea likachanika na kushuka na ganda la shina, urefu kama wa mkono wangu. Taka hazikuondoka zote, nyingine walizirundika kwenye shina la mfenesi. Na lililoniumiza zaidi lilikuja baadaye. Mashine inapopita juu ya kongwe haiui kitu, inaikatakata vipande na kuvitawanya, na kila kipande chenye kifundo kikipata unyevu kinatoa mizizi. Masika yakaanza Machi. Wiki ya tatu tangu walipoondoka, kongwe ilikuwa imerudi nene kuliko mwanzo, hata mahali ambapo haikuwepo.

Mama mwenye duka jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayefanya kazi na mjukuu wake. Malipo ni 15,000 kwa kila mmoja kwa siku, nao walichukua siku tisa. Nilipomwamkia na kumweleza shida, hakushika panga. Aliniuliza, "Mwanangu, jua linaingia hapa saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Akakaa kwenye ngazi za nyuma hadi saa tisa alasiri, kila mara akichomeka kijiti pale mwanga ulipogusa ardhi. Kwa maoni yangu kazi yote iliamuliwa siku ile.

Vile vijiti vilimwonyesha matawi gani ya chini yaondoke. Kila tawi alilikata kwanza kwa chini kidogo, kisha kwa juu mbele ya pale, na kisiki kilichobaki akakiondoa mwisho bila kugusa uvimbe unaoungana na shina. Ganda halikuchanika hata mara moja. Nilimwomba apunguze zaidi, akakataa, akasema mti ukivuliwa nguo zote utajibu kwa machipukizi ya hasira. Mwembe mmoja ulikuwa na viota vya maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini. Akaviacha, kwa kuwa wale wadudu hula waharibifu wa maembe.

Kwenye magugu hakukuwa na njia ya mkato. Ndago walizichimba kwa jembe uma, wakifuata vile viazi vidogo vilivyoungana ardhini kama tasbihi, maana ukiling'oa jani peke yake kiazi kinachipua upya. Upupu waliushusha asubuhi na mapema ukiwa na umande, wamefunika mikono na shingo. Chini ya miembe mzee alikataza jembe kabisa, kwa sababu mizizi inayolisha mti iko juu juu. Pale waling'oa kongwe kwa mikono, wakaifunga kwenye viroba na kuianika juani mpaka ikaoza. Haikwenda kwenye shimo la mboji. Ardhi ile wakaifunika kwa maboksi yaliyokunjuliwa, na juu yake majani makavu ya mwembe, bila kugusa shina.

Kasoro zao zipo. Hawana toroli wala usafiri, kwa hiyo nilikodi guta mara tatu. Walikosa siku mbili kwa ajili ya msiba, na kazi yao ni ya polepole. Mwenye haraka ya kupokea wageni wikiendi hii hatawafaa.

Kosa moja ni langu. Nilitaka nyasi kila mahali, nikanunua vipando vya paspalamu na kuvipanda hadi chini ya mwembe mkubwa, ingawa mzee alinionya. Baada ya miezi miwili vilikuwa vimegeuka njano na kufa. Sasa kwenye kivuli chepesi nina zile nyasi za jani pana wanazoziita za Pemba, na zimeshika vizuri. Karibu na mfereji kuna magimbi, kando yake tangawizi na manjano, na kwenye shina la mfenesi pilipili manga imeshapanda kufikia kifua changu, kama wafanyavyo wakulima wa huko juu Amani. Chini kabisa ya mwembe mkubwa hapakupandwa kitu. Ni uwanja wa kufagia, na benchi.

Kundi la mashine nawapa nyota mbili: waite kama kiwanja kina nyasi ndefu tu, na usimamie mwenyewe wakati wa kukata matawi. Mzee na mjukuu wake nawapa nyota tano, guta na yote.

Desemba nilimleta Mama. Alishuka kwenye gari akaenda moja kwa moja kwenye benchi, akaomba ufagio. Jumamosi hii mzee anarudi kwa ajili ya ndago, maana upande wa ukuta bado zinachomoza, na Mama ameagiza nimletee mche wa asumini kutoka Tanga.