Krimu na taa nyekundu kwa saratani ya juu ya ngozi: uzoefu wangu Tabora

Naipa seti hii ya tiba ya mwanga tunayoitumia kliniki (krimu hupakwa kwenye doa, kisha taa nyekundu humulika ili seli mbaya zife) nyota tatu kati ya tano. Taa yenyewe ya LED, nanomita 630 hivi, haina shida. Kilichonikera ni kijitabu chake, maana kinaisifia taa kurasa nzima, halafu hatua zinazoharibu kazi kinazipitia mbio.

Krimu yenyewe bado si rangi inayonasa mwanga. Ina methili aminolevulineti, na seli ndizo zinazoigeuza kuwa protopofirini, ambayo ndiyo rangi hiyo. Seli zilizoharibika huirundika nyingi kuliko jirani zake. Ikimulikwa, rangi hiyo huifanya oksijeni iliyomo kwenye ngozi kuwa kali kiasi cha kuua seli palepale ilipo. Oksijeni ikikosekana, taa inawaka bure. Kwa hiyo bandeji isibane mpaka ngozi ipauke, na ganzi yenye adrenalini iache kabatini kwa sababu inaminya mishipa ya damu. Lignokeni tupu inatosha.

Wengi wanafeli kwenye kukwangua. Juu ya gamba gumu krimu hukaa kama mafuta kwenye gome la mwembe, haizami. Kwangua kwa kureti (kifaa kidogo cha kukwangulia ngozi) mpaka gamba lote litoke na ngozi ibaki na ukwaru. Damu ikichuruzika, gandamiza kwa shashi hadi ikauke. Paka unene wa milimita 1, upitilize ukingo wa doa kwa milimita 5 hadi 10, funika kwa plastiki, juu yake foili, kisha subiri saa 3. Ukiisahau foili, mwanga wa dirishani utaitafuna rangi kidogo kidogo na taa itakuta pamebaki patupu.

Ukishafuta krimu, fanya giza na umulike kwa taa ya Wood, yaani taa ya urujuanimno ya kukagulia ngozi. Doa linatakiwa ling'ae wekundu wa waridi. Lisipong'aa, usiendelee: ama gamba limebaki, ama krimu imeharibika. Inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, na kutoka Dar hadi huku kwa basi ni mbali. Iwekwe kwenye deli lenye barafu na kipimajoto ndani, tyubu isigusane na barafu. Maneno ya kondakta kwamba "ipo baridi" si kipimo.

Dozi ni jouli 37 kwa kila sentimita ya mraba. Taa ikitoa miliwati 70 kwa eneo hilo, unahitaji sekunde 529, karibu dakika 9. Ikishuka hadi miliwati 50 ni sekunde 740. Basi pima mwanga pale ngozi ilipo, usiamini muda uliopangwa kiwandani, kwani kusogeza kichwa cha taa kidogo tu kunabadilisha hesabu. Umeme ukikatika, andika sekunde zilizokwisha kupita na umalizie zilizobaki, usianze upya. Miwani ya kukinga macho mvae wewe na mgonjwa. Seti yetu ilikuja na moja!

Inauma, tusidanganyane, hasa usoni na dakika za mwanzo. Feni na maji ya kupuliza husaidia. Baadaye, kwa saa 48, sehemu ile ifichwe kwa kofia pana na kitambaa kizito. Mafuta ya kujikinga na jua hayatoshi, kwa kuwa yametengenezwa kuzuia urujuanimno, na rangi hii huamshwa na mwanga wa kawaida. Na uliza kuhusu mzio: krimu nyingine zina mafuta ya karanga.

Inafaa madoa ya jua yanayoelekea kuwa saratani, ugonjwa wa Bowen (saratani ya mwanzo iliyo bado kwenye tabaka la juu la ngozi), na saratani ya seli za msingi iliyo juu juu. Kwa hizi mbili za mwisho tiba hurudiwa baada ya siku 7. Nguvu yake haifiki mbali, milimita 2 hivi. Kidonda kinachochimba, uvimbe mgumu au melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) vinakwenda kwa daktari wa upasuaji, na doa la kutia shaka likatwe kipande, majibu yasubiriwe kabla ya kufungua tyubu. Wenye ualbino wengi hufika wakiwa wameshavuka hatua ya krimu.

Ipo pia njia ya kutumia mwanga wa mchana, mgonjwa anakaa nje saa 2, akianza ndani ya nusu saa baada ya kupakwa. Maumivu ni machache na haihitaji taa. Kwa mwenye ualbino siitumii, maana jua hilohilo ndilo tunalomkataza kila kliniki.