LibreOffice Calc mikononi mwa mwalimu wa taaluma: inatosha, ila fomula zichungwe

Kwa shule ya sekondari ya Tanzania inayotaka kuchakata matokeo bila kulipia leseni, LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, inatosha kabisa. Ni ya bure kihalali, inasakinishwa kutoka kwenye flashi bila kuhitaji intaneti, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Hilo peke yake linaiweka mbele ya Excel zilizovunjwa kufuli zinazozungushwa kwenye flashi na virusi vyake. Shida yake, ambayo Excel nayo inayo, ni kwamba inapokea fomula mbovu kimyakimya, na anayeumia ni mwanafunzi.

Tuanze na madaraja. Kidato cha nne A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Walimu wengi huanza moja kwa moja na IF(C5>=75,"A"... na kila kitu kinaonekana sawa hadi mwanafunzi asiyefanya mtihani awekewe X. Calc huchukulia maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote, hivyo X inapata A. Ukiacha seli tupu, inahesabiwa sifuri na mtoto anapewa F ya mtihani ambao hakuukalia. Fomula salama ni hii:

=IF(ISNUMBER(C5),IF(C5>=75,"A",IF(C5>=65,"B",IF(C5>=45,"C",IF(C5>=30,"D","F")))),"")

Ikikataa, angalia kitenganishi: kompyuta nyingine zimepangwa kutumia nukta mkato badala ya mkato. Mpangilio huo uko Tools, Options, LibreOffice Calc, Formula.

Desimali nazo zina mtego wake. Wastani wa 74.5 ukioneshwa bila desimali unasomeka 75, lakini daraja linabaki B, na mzazi atauliza kwa haki kabisa. Kama shule inakadiria, weka ROUND(...,0) kwenye wastani wenyewe, usitegemee muonekano wa seli.

Alama zilizonakiliwa kutoka WhatsApp mara nyingi huingia kama maandishi, na AVERAGE huziruka bila taarifa. Hapa Calc ina kifaa kizuri sana: bonyeza Ctrl+F8, namba zinakuwa za buluu, fomula kijani, maandishi yanabaki meusi. Alama nyeusi katikati ya safu ya buluu unaiona papo hapo. Chagua safu hiyo, nenda Data, Text to Columns, bonyeza OK, halafu kagua tena.

Nafasi darasani, wastani au jumla ikiwa safu ya M: =RANK(M5,$M$5:$M$64). Ukisahau alama za dola, eneo linateremka pamoja na fomula unapoiburuta, na mwanafunzi wa mwisho kwenye orodha anakuwa wa kwanza kwa sababu analinganishwa na nafsi yake tu.

Sehemu inayoharibika zaidi ni pointi za masomo saba bora. A ni pointi 1, F ni 5, na unajumlisha saba ndogo kuliko zote. Pointi zikiwa safu za N hadi V, fomula inayosambazwa sana ni =SUMPRODUCT(SMALL(N5:V5,ROW($1:$7))). Ni sahihi siku inapoandikwa. Kisha mtu anaongeza mstari juu ili aweke jina la shule, na ROW($1:$7) inageuka ROW($2:$8): somo bora kuliko yote linaachwa na la nane linaingia. Mstari ukiongezwa kati ya wa kwanza na wa saba, yanajumlishwa masomo manane. Kwa mwenye masomo manane au zaidi hakuna ujumbe wa kosa. Pointi tu zimepanda, na wa divisheni ya kwanza ameshuka ya pili. Dawa ni kufungua shiti nyingine, uiite MSINGI, uandike namba 1 hadi 7 kwenye A1:A7, kisha:

=IF(COUNT(N5:V5)<7,"INC",SUMPRODUCT(SMALL(N5:V5,$MSINGI.$A$1:$A$7)))

INC ni matokeo yasiyokamilika, yaani masomo hayafiki saba. Divisheni ni pointi 7–17 ya kwanza, 18–21 ya pili, 22–25 ya tatu, 26–33 ya nne, 34–35 sifuri. Nayo ianze na ISNUMBER, la sivyo mwenye INC ataangukia sifuri.

Kwa anayewafundisha wenzake: mwalimu mkongwe anazijua divisheni hizi kwa kichwa na anakadiria matokeo ya darasa lake kabla hujawasha kompyuta. Tumia ujuzi huo. Mpe majina kumi kutoka kitabu chake cha alama, akokotoe kwa kalamu kwanza, ndipo mlinganishe. Kisha jaribuni fomula kwa alama za mipakani: 0, 29, 30, 44, 45, 64, 65, 74, 75, 100, X na seli tupu. Kuanza na menyu moja baada ya nyingine ni kumchosha bure.

Kuzuia makosa ya kuingiza, tumia Data, Validity, namba nzima kati ya 0 na 100. Ila ujue kwamba alama zilizobandikwa hupita bila kukaguliwa. Kabla ya Protect Sheet, chagua seli za alama, Ctrl+1, Cell Protection, ondoa tiki ya Protected. Usipofanya hivyo, shiti nzima inafungwa na mwalimu wa somo hawezi kuingiza hata alama moja.

Calc inapoteza maksi kwenye ripoti za wanafunzi. Lazima uende Writer, usajili faili kama chanzo cha data, na vichwa vya safu viwe mstari wa kwanza kabisa, jambo linalogongana na shiti yenye jina la shule juu. Tengeneza shiti ya pekee kwa ajili ya ripoti tu. Na faili likienda kwa mkuu wa shule anayefungulia Excel kwenye simu, lihifadhi pia kama xlsx, ulifungue tena na uhakiki divisheni tatu nne kabla ya kulituma.