Sindano za Kichina kwa mgongo: nimeenda mara nne, nyota tatu na nusu

Mimi ni fundi wa nguo, nakaa kwa cherehani toka saa mbili asubuhi mpaka giza nikiwa nimejikunja kama ndoana, na msimu wa yunifomu za shule ndio usiseme. Mgongo, hapa chini kwa kiuno, ulianza mwaka jana polepole nikawa nameza diklofenaka, zile tembe za maumivu, kama njugu mpaka tumbo likakataa. Nikapigwa picha, daktari akasema diski ziko sawa, ni misuli, fanya mazoezi. Sikufanya.

Kastoma wangu ndiye akanielekeza kliniki moja ya akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, huko Kilimani, Nairobi. Jamani iko gorofa ya tatu na lifti hakuna!! Kliniki ya watu wa mgongo. Nilipanda nikishikilia ukuta kama mtoto anajifunza kutembea, halafu nikifika naambiwa ngoja, na nilikuwa na apointimenti ya saa nne, nikaingia saa tano kasoro.

Sasa sindano zenyewe. Nilidhani ni kama zile za hospitali, kumbe hizi hazina tundu la dawa, ni nyembamba karibu na unywele. Paketi ilifunguliwa nikiona, na zikitoka zinatupwa, na wewe ukienda popote angalia hiyo kwanza. Unalala kifudifudi uso kwa shimo la kitanda, yule mama wa kudunga anaweka kamrija ka plastiki kenye sindano mgongoni, anagonga na kidole, tap, imeingia. Akaweka pande mbili za uti wa mgongo halafu nyingine nyuma ya magoti, nikamuuliza, mama, goti linahusiana nini na kiuno, akacheka akasema hapo panaitwa Weizhong na Wachina wanapatumia kwa mgongo toka zamani. Si uchungu, ni uzito fulani kama mguu umekufa ganzi, na anakuuliza kila saa "nzito? nzito?" Baadaye akafunga viwaya vya umeme kidogo, misuli ikawa inacheza yenyewe kama jicho. Dakika 25. Nililala mpaka nikatoa mate kwa karatasi yao.

Siku hiyo nikirudi Umoja, matatu ikiruka matuta nikashtuka sijashika kiti cha mbele. Lakini baada ya siku mbili maumivu yakarudi, nusu hivi. Mara ya nne ndio nililala usiku mzima bila kuamka kugeuka.

Kiherehere changu kikanifanya nisome. Wajerumani walijaribu na watu zaidi ya 1,100, matokeo yakatoka 2007, waliopata nafuu kwa sindano za ukweli walikuwa kama 48 kwa mia, wale wa sindano za kuigiza, zisizofuata sehemu za Wachina, 44, na wale wa matibabu ya kawaida 27. Kwa vile za ukweli zilipita za kuigiza kidogo tu, Uingereza 2016 waliitoa akupancha kwa mwongozo wao wa mgongo, na mwaka uliofuata madaktari wa Marekani wakaipendekeza, kila mtu na hesabu yake. Mimi nikajiuliza nimelipia sindano ama nimelipia nusu saa ya kulala bila simu, na kusema ukweli hata sijali sana.

Kilichonikera ni pesa. Mara moja ni 2,500, sawa, lakini yule wa risepsheni alinibana nilipe mara kumi kwa mpigo, halafu wakaniongezea 800 ya vikombe vya kunyonya ngozi bila kuniuliza, kitu ambacho Pwani wazee wanafanya kwa pembe miaka yote, wanaita kupiga chuku. Nilitoka na maduara meusi mgongoni, bwanangu akauliza nimepigana na nani.

Na kama mguu umeisha nguvu ama mkojo unakutoka bila kujua, hii si ya sindano, kimbia hospitali leo leo. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi waambie kabla hujalala kitandani.

Saa hii nafanya yale mazoezi ya daktari, dakika kumi kabla ya kufungua duka, na namba yao bado iko kwa simu. Desemba yunifomu zikinimaliza nitapanda hizo ngazi, ila vikombe wavishike wenyewe.