Draivu ya flopi ya USB niliyonunua Kariakoo, nilitaka kuirudisha sasa hata sijui

Jamani msinunue. Ndo nilivyotaka kuandika siku ile ile na ningeandika mabaya zaidi, ila mambo yamegeuka kidogo, ngoja niwaeleze.

Marehemu baba alikuwa mwalimu, katuachia flopi kumi na moja, zile diski za zamani za kuhifadhia kazi za kompyuta, kwenye kopo la biskuti kule Tanga, moja kaiandika kwa kalamu UKOO. Hiyo ndo roho yangu. Alizunguka Pangani akiwauliza wazee nani kamzaa nani, usiku anachapa, na wale wazee karibu wote tumeshawazika. Laptopu yangu hata CD haina pa kuweka seuze flopi, ndo nikanunua hiki kidraivu cha kuchomeka.

Flopi ya kwanza ilikuwa ya barua zake za shule, ikasoma faili mbili ikakwama. Nikaweka UKOO. Ikakoroma, grrr tak, grrr tak, halafu kompyuta inaniambia niifomati kwanza, yaani nifute kila kitu kilichomo, ndo niweze kuitumia!! Nikabonyeza hapana mkono unatetemeka. Nikajaribu ya tatu, ya nne, wapi, zote hivyo hivyo. Nikasema huu mtambo ni feki, kesho yake narudi nao dukani.

Sasa hapo dukani ndo sitasahau. Kijana wa kaunta hata salamu yangu hakuitikia vizuri, kachukua UKOO kaisukumia kwenye kompyuta yake, ujumbe wa kufomati ukatokea na yeye AKABONYEZA NDIYO. Mbele ya macho yangu, bila kuniuliza! Ikagoma kwa sababu kile kidude cha pembeni baba alikiacha wazi, tundu likionekana huwezi kuandika wala kufuta kitu. Badala ya kushtuka anasema "mama imelokiwa hii, ngoja niitoe loki nikutengenezee," na kucha ameshaiweka pale. Nikamshika mkono. Nikamwambia mwanangu ukisogeza hicho umemzika baba yangu mara ya pili. Akacheka na mwenzake, eti mama hizi zimeshakufa katupe, siku hizi kuna flashi. Nilitoka pale nalia barabarani, sina haya kusema.

Shemeji yangu ni fundi redio, jioni akaivuta ile bati ya flopi ya barua akamulika tochi. Ukungu. Vidoa vyeupe vimejaa, hewa ya bahari na lile kopo. Kumbe flopi ya kwanza ndo iliyokichafua kichwa cha kusomea, na kila niliyoweka baada yake ilikuwa inasuguliwa na uchafu ule ule, yaani kujaribu jaribu kwangu ndo kulikuwa kunaziumiza. Akasafisha kichwa kwa spiriti kali ya mafundi na pamba za masikio, zile zenye ukungu akazipangusa taratibu huku anaizungusha sahani kwa ile duara ya chuma nyuma. Pia akaitoa draivu kwenye habu, kile kigawanya tundu za USB, akaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, anasema mota ya draivu ya flopi inataka umeme wa kutosha.

Halafu hakufungua faili hata moja, akawasha Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, akainakili flopi nzima kwa ddrescue, ile programu inachukua kwanza panaposomeka halafu inarudia rudia palipogoma. Flopi ina sekta 2,880, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia, kwenye UKOO zimepotea sita tu. Zilikuwa faili za WordPerfect, programu ya zamani ya kuchapia, LibreOffice ya siku hizi ikazifungua, na jina la kwanza kabisa ni la bibi mzaa bibi ambaye hakuna mtu nyumbani alikuwa analikumbuka. Nilimpigia mama saa tano usiku nikamsomea.

Kwa hiyo draivu ni nzima, nasema ukweli wa Mungu, hata nzuri. Lakini duka lile siendi tena na nyie msikubali mtu wa kaunta aguse flopi yenu, mtu anauza kifaa hajui hata tundu la pembeni kazi yake nini? Hapana, nikifikiria ule ukucha nataka kushusha nyota zote.

Bado flopi mbili hazisomi kabisa wakati ni safi, shemeji anahisi draivu ya baba ilikuwa imepinda kichwa, aliyoandika inasomeka kwenye ile ile tu. Kompyuta ya baba tuliiuza zamani kwa mtu wa Muheza. Kama kuna mwenye draivu ya zamani ya ndani, ile ya waya mpana, ambayo fundi anaweza kuchezea kichwa chake, naomba aniambie, nitafunga safari mwenyewe.